Atarudi kwa Nani? Historia ya Tegemeo, Sonona na Hofu katika Tarime na Serengeti

Mgeni akifika kwenye mji wa Mkurya au wa Mngoreme, mkoani Mara, huulizwa kwanza ni wa nani, halafu ndipo huulizwa jina. Jibu la swali hilo limewalisha watu wakati wa njaa, limewaoza na limewazika. Ni jibu hilohilo lililowafanya wasichana wengi wa Tarime na Serengeti watoroke nyumbani mwezi wa Desemba, msimu wa ukeketaji, na kukimbilia kwa watu wasiowajua.

Watafiti wa afya ya akili wamerudia kuona jambo moja katika nchi nyingi: mwenye watu wa kumsikiliza na kumsaidia hupatwa na sonona na hofu kwa nadra kuliko aliye peke yake, na akipatwa hupona mapema. Hilo ni kweli na lina thamani. Ila kipimo humkuta mtu tayari anao watu au hana. Hakisemi aliwapataje, aliwapotezaje, wala alitozwa nini ili abaki nao. Katika wilaya hizi mbili maswali hayo yana historia ya zaidi ya miaka 100, na msichana anayebisha hodi kwenye nyumba salama anaibeba yote hata kama hajawahi kusimuliwa.

Ng'ombe wa nyumba: kabla ya 1890

Wakurya hawakuwa na mfalme. Waliishi katika nchi ndogo zinazoitwa ibiaro: Wakira, Wanyabasi, Wairegi, Wanchari, Watimbaru, Wanyamongo na wengineo. Ndani ya ikiaro kimoja kulikuwa na koo na mafungu ya koo, na mwisho kabisa mji wa baba, ambamo kila mke alikuwa na nyumba yake na ng'ombe waliohesabiwa kuwa wa nyumba hiyo. Pamoja na ukoo kulikuwa na rika. Vijana waliotahiriwa msimu mmoja waliunda saro, na wenzi wa saro waliendelea kuitana ndugu hadi uzeeni. Juu ya saro vilikuwapo vizazi vinane katika mizunguko miwili: Wasaai, Wanyambureti, Wagamunyere na Wamaina katika mzunguko mmoja, Wamairabe, Wagini, Wanyangi na Wachuma katika wa pili. Malcolm Ruel, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekaa na Wakurya miaka ya 1950, alieleza jinsi mtoto alivyopata kizazi chake kutokana na cha baba yake, na jinsi kizazi kilivyompangia wa kumheshimu na wa kumzoea.

Kwa aliyefiwa au aliyepatwa na mkosi, huu ulikuwa mpango mpana wa kumshika. Shamba likimshinda aliita risaga, majirani wakaja na majembe, wakalima, jioni wakanywa pombe aliyowaandalia. Mjane asiye na mtoto wa kiume alikuwa na nyumba ntobhu: kwa ng'ombe wake alimwoa msichana, watoto waliozaliwa wakawa wa nyumba yake, na uzee wake ukapata wa kuutunza. Desturi hiyo ipo hadi leo, na wapo wanawake walioichagua kwa kuwa ndani yake hamna mume wa kuwapiga.

Lakini mpango ule ulikuwa na bei yake, na walioilipa zaidi ni mabinti. Ng'ombe walioingia kwa ndoa ya dada ndio waliotoka kumwozea mke kaka wa nyumba hiyohiyo. Mwanamke aliyeteswa kwa mumewe akataka kurudi kwao alikuta ng'ombe wake wameshalipwa kwa wakwe wa kaka yake. Kumpokea kulimaanisha kurudisha ng'ombe, na kurudisha ng'ombe kulimaanisha kuivunja ndoa ya pili. Mama alimpenda na kaka alimpenda, na wote wawili wakamrudisha alikotoka. Hapa ndipo ninapoona kiini cha habari nzima: watu waliokuwa karibu naye zaidi ndio walioshindwa kumsaidia, tena walishindwa kwa sababu ya ukaribu wenyewe. Ugumu wa mioyo haukuhusika.

Ukeketaji ulikaa kwenye lango la mpango huo. Msichana asiyekeketwa alibaki omosagane, mtoto asiyehesabika miongoni mwa wanawake, hata mwili wake ukiwa wa mtu mzima. Hakuozwa kwa ng'ombe wa kuridhisha, na mama yake alisemwa kisimani. Aliyekeketwa alipewa zawadi, akaimbiwa, akaingia katika kundi la wanawake ambalo lingemsimamia wakati wa uzazi na msiba. Asiyeielewa furaha ile hawezi kuelewa kwa nini mama aliyeumizwa na wembe alimpeleka binti yake kwenye wembe uleule.

Miaka ya majanga: 1890 hadi mwanzo wa karne ya 20

Karibu na mwaka 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki na kuteketeza ng'ombe. Ndui na njaa vikafuata, kisha funza. Kwa jamii ambayo karibu kila ahadi kati ya watu ilihesabiwa kwa ng'ombe, huu haukuwa upungufu wa maziwa na nyama peke yake. Ndoa zilikwama, madeni hayakulipika, na waliozoea kukimbilia kwa wajomba waliwakuta wajomba nao hawana kitu.

Upande wa kusini, kwa Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, mwanahistoria Jan Bender Shetler alikusanya masimulizi ya wazee kuhusu miaka hiyo. Yalionyesha kwamba watu waliochoshwa na njaa na mashambulizi walijipanga upya. Mahali pa koo zilizotawanyika, walianza kuishi kwa maeneo ya rika, Busaai, Bongirate na Borumarancha, kila rika likilinda eneo lake. Utaratibu wa nani amtegemee nani ulipoacha kufanya kazi, wazee wenyewe waliubadilisha, na hawakusubiri karne ipite. Nalisisitiza hilo kwa sababu siku hizi mila ya Mara huzungumzwa kama jiwe ambalo halijawahi kusogezwa. Lilisogezwa, na waliolisogeza ni mababu wenyewe walipoona watu wao wanakwisha.

Mpaka, jeshi na misheni: 1886 hadi 1961

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari kutoka pwani hadi ziwa Viktoria. Ulipita katikati ya Wakurya, na Wanyabasi, Wairegi na Wakira wakajikuta pande zote mbili. Kwa muda mrefu mstari huo haukuwazuia watu kuoana wala kuzikana. Ungekuja kuwa na maana nyingine baadaye, ng'ombe walioibwa walipovushwa usiku, na baadaye zaidi mabinti walipovushwa ili wakakeketwe upande ambao polisi hawakuwa wakitazama.

Utawala ulileta kodi, na kodi ikawatoa wanaume nyumbani. Vijana wa Kikurya waliingia kwa wingi katika jeshi la King's African Rifles na polisi. Walipeleka fedha nyumbani zikawa ng'ombe, na ng'ombe wakawa wake. Waliporudi kutoka kwenye Vita Kuu ya Pili walikuwa wameyaona mauaji ya Burma na kwingineko. Tambiko la kumsafisha aliyeua walikuwa nalo, na wazee walijua kumpokea mtu wa vita. Hospitali haikuwa na la kuwapa. Nchi nzima ilikuwa na makao mawili ya wagonjwa wa akili: Lutindi katika milima ya Usambara, yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani, na Mirembe mjini Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927. Yote mawili yalikuwa mahali pa kumtenga aliyeshindikana. Mwanamke aliyekaa mlangoni siku nzima bila kula, akilia bila kisa anachoweza kukitaja, hakuhesabiwa kuwa mgonjwa wa Mirembe. Alibaki kwa mama mkwe wake, kwa mganga, na kwa majirani.

Wamisionari wa Kimenoni walifika Shirati mwaka 1934 na kujenga hospitali. Mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani walifika Musoma mwaka 1946, na misheni za Kikatoliki zikaenea hadi vijiji vya Tarime. Kanisa lilileta jambo geni kwa mwanamke wa Mara: kundi la kuwa ndani yake ambalo halikuhesabu ng'ombe. Jumuiya za wanawake zilimtembelea mgonjwa na kumchangia mfiwa bila kuuliza ukoo. Misheni zilipinga ukeketaji pia, ila kwa miaka mingi upinzani huo haukufika mbali zaidi ya uzio wa misheni, na mabinti wa Wakristo waliendelea kukeketwa Desemba na kuimba kwaya Januari.

Hifadhi na vijiji: 1951 hadi 1978

Mwaka 1951 Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Kwa Waikoma na Wanata, uwindaji ulikuwa njia ya kupata chakula na pia namna ya kijana kuonyesha kwamba anaweza kuilisha nyumba. Ukageuka kosa la jinai. Mipaka iliendelea kusogea, na mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo yakafuata miaka ya 1990. Baba akifungwa kwa nyama ya nyumbu, mkewe hubaki na watoto na shamba linalovamiwa na tembo. Madhara ya uhifadhi kwa nafsi za watu hao hayajapata kuandikwa inavyostahili.

Mwaka 1974 ulileta mambo mawili. Wilaya ya Serengeti iliundwa, makao yake Mugumu, na Operesheni Vijiji ikahamishia miji iliyotawanyika kwenye vijiji vya pamoja. Watu wa koo tofauti walijikuta majirani kwa amri. Shule na zahanati zilisogea karibu, na hilo lilikuwa jema kubwa, hasa kwa msichana ambaye kwa mara ya kwanza alipata mtu mzima asiye wa ukoo wake wa kumweleza shida, yaani mwalimu. Wasichana waliotoroka miaka mingi baadaye, wengi walianzia kwa mwalimu.

Bunduki: 1979 hadi miaka ya 1990

Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 viliacha bunduki mikononi mwa watu. Michael Fleisher, mtafiti aliyeandika kitabu kuhusu wizi wa ng'ombe kwa Wakurya, alionyesha jinsi silaha hizo zilivyoubadilisha wizi. Kijana wa zamani aliiba ili apate mahari na sifa. Mwizi mpya aliiba ili auze, mara nyingi ng'ombe wakivushwa kwenda Kenya, na aliweza kumwibia hata jirani. Wanaume waliuawa, maboma yalibaki tupu kwa usiku mmoja, na mapigano ya koo yakawa yanazuka mara kwa mara.

Kuna aina ya hofu inayotokana na kuishi hivyo. Mtu halali, anasikiliza mbwa. Moyo unadunda kwa kishindo chochote. Mama anawalaza watoto wakiwa wamevaa nguo za kutwa ili wakikurupuka wakimbie. Zahanati ikija kupokea mtu wa namna hiyo humsikia akilalamikia kichwa na tumbo, humpa dawa ya maumivu, na humrudisha.

Wananchi walijibu kwa Sungusungu, jeshi la jadi lililoanzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambalo kwa Wakurya liliungana na ritongo, baraza lao la zamani. Wizi ulipungua. Mahali pengine Sungusungu waligeuka kuwa wa kuogopwa wao. Katikati ya hali hiyo thamani ya binti kama njia ya kurudisha ng'ombe waliopotea haikupungua. Boma likiibwa, msichana wa miaka 14 alikuwa akiba pekee iliyobaki kwa baba.

Sheria na msimu: 1998 hadi 2008

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyofanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Mara haikubadilika siku hiyo. Msimu wa Wakurya uliendelea kutangazwa na wazee wa mila, mara nyingi Novemba na Desemba shule zikiwa zimefungwa, katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Ngariba alilipwa, na sehemu ya malipo iliwaendea wazee. Takwimu za utafiti wa afya wa taifa zilionyesha asilimia 40 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa ilipofika 2010.

Sheria hiyo ilibadilisha kitu kingine, ambacho watunga sheria huenda hawakukikusudia. Ilimpa msichana haki ya kukataa bila kumpa mahali pa kukaa akishakataa. Zamani aliyekataa alishikwa na kupelekwa. Sasa aliyekataa aliweza kumshtaki baba, mama na shangazi, yaani kila mtu aliyemlea. Ni nani katika umri wa miaka 12 anayeweza kuwapeleka mahakamani watu wake wote, halafu jioni arudi kula nao? Wengi walinyamaza. Waliotoroka walilala kwenye mashamba ya mahindi, kwa walimu, kwa masista.

Masanga na Mugumu: 2008 hadi 2017

Masista na wanaharakati wa Kikatoliki huko Masanga, wilayani Tarime, walianzisha kituo kinachojulikana kama ATFGM Masanga, na mwishoni mwa miaka ya 2000 kikaanza kuwapokea wasichana msimu ulipokaribia. Walikuja makumi, halafu mamia. Walifundishwa miili yao, sheria, na mambo ya utu uzima ambayo unyagoni yangefundishwa na bibi. Mwisho walihitimu kwa sherehe, kukawa na ngoma, zawadi na vyeti. Waliobuni sherehe hiyo walielewa vizuri. Walijua kwamba msichana anayekosa unyago hukosa pia siku ya kushangiliwa na kundi la kuwa lake, na wakaamua asiikose. Shirika la Children's Dignity Forum nalo lilifanya kazi Tarime kwa kuunda vikundi vya wasichana, ili anayekataa asiwe mmoja peke yake kijijini.

Upande wa Serengeti, jina linalotajwa ni la Rhobi Samwelly. Alikeketwa akiwa msichana mdogo na akakaribia kufa kwa kuvuja damu. Alipokuwa mtu mzima alizunguka vijiji akisema jambo hilo hadharani, na mwaka 2014 nyumba salama ikafunguliwa Mugumu chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana. Mwaka 2017 alianzisha Hope for Girls and Women, shirika lenye nyumba Butiama na Mugumu. Filamu ya Giselle Portenier ya mwaka 2018, In the Name of Your Daughter, ilionyesha kazi hiyo kwa ulimwengu. Katika vijiji vya Serengeti shirika limewaweka watu wenye simu wanaotoa taarifa msichana anapokuwa hatarini, na wajitolea wa ramani kutoka nchi mbalimbali walichora barabara na vitongoji ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote, ili gari la polisi lijue linakokwenda usiku.

Polisi walibadilika pia. Tarime na wilaya jirani ya Rorya zilifanywa mkoa wa kipolisi kwa sababu ya mapigano na wizi, na madawati ya jinsia na watoto yakafunguliwa vituoni. Msichana aliyefika akiwa hana viatu alipata askari wa kike wa kumsikiliza. Anayejua jinsi watu wa Mara walivyowaogopa polisi kwa miongo mingi ataona uzito wa hilo.

Kupima kisichoonekana: kutoka London hadi Rakai

Wakati Mara inapitia hayo, elimu ya sonona ilikuwa inasogea. Mwaka 1978 George Brown na Tirril Harris walichapisha utafiti wao kuhusu wanawake wa Camberwell, London. Waliona kwamba mkasa mkubwa, kama kifo au kufukuzwa nyumbani, huleta sonona kwa wengine na kuwaacha wengine, na kwamba miongoni mwa mambo yaliyotofautisha ni kama mwanamke alikuwa na mtu wa karibu wa kumwambia siri zake. Waliompoteza mama wakiwa wadogo walikuwa katika hatari zaidi.

Mwaka 2005 watafiti waliripoti kutoka Dakar, Senegal, kwamba miongoni mwa wanawake 23 waliokeketwa karibu theluthi moja walikuwa na dalili za kiwewe za kiwango cha ugonjwa. Kundi lilikuwa dogo, lakini lilikuwa la jamii ambako ukeketaji ni jambo la kawaida. Hoja kwamba mila ikikubaliwa na wote haiumizi nafsi haikuweza tena kutolewa kwa urahisi.

Kwetu, Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili alipima vipimo vya sonona kwa Kiswahili na kwa wanawake wa Dar es Salaam, kisha akajaribu ushauri wa makundi kwa wajawazito wanaoishi na VVU. Ng'ambo ya ziwa, huko Rakai na Masaka nchini Uganda, Paul Bolton na wenzake walichukua vijiji 30 vilivyoathiriwa na Ukimwi. Katika nusu ya vijiji hivyo watu wenye sonona walikutana kwa makundi kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Mwishoni, waliobaki na sonona kali katika makundi walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji ambavyo havikupata makundi asilimia 54.7. Harare, Dixon Chibanda aliwaweka bibi wa mitaani kwenye mabenchi nje ya zahanati kuanzia mwaka 2006, wakazungumza na wenye huzuni, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yakathibitisha nafuu iliyopatikana.

Nikiziweka tafiti hizi kando ya historia ya Mara naona kitu kimoja wazi. Makundi ya Rakai hayakuwa ya ukoo. Walioingia ndani yake hawakuwa wamelipa ng'ombe wala mwili. Mtu aliweza kusema jambo la mumewe bila kuhatarisha mahari ya kaka yake. Wakurya wa zamani walikuwa na watu wengi wa kuwategemea na wachache sana wa kuwaambia ukweli kama huo. Kwa hiyo kuhesabu watu walio karibu na mtu hakutoshi. Lazima kuulizwe pia watu hao wanadai nini kwake.

Vikundi vya kuweka na kukopa, vikiwemo VICOBA, vilivyoenea nchini tangu miaka ya 2000, vimefanya kazi hiyo kwa wanawake watu wazima bila kutangazwa kuwa tiba. Wanawake huketi kila wiki, sanduku lina funguo tatu, na baada ya hesabu huanza mazungumzo. Mwenye hisa zake ndani ya sanduku anao mlango ambao bibi yake hakuwa nao. Hata hivyo vikundi havimfikii maskini kuliko wote, asiye na shilingi ya hisa, na mara nyingi ndiye mgonjwa kuliko wote.

Januari: 2018 hadi leo

Asilimia ya wanawake waliokeketwa Mara ilishuka hadi 32 katika utafiti wa 2015 na 2016, na 28 katika ule wa 2022. Huo ni ushindi wa kweli, na waliouleta wanastahili kutajwa: masista, askari, walimu, ngariba walioacha wembe, na wasichana wenyewe. Mwaka 2020 ulitikisa kazi hiyo. Shule zilifungwa Machi kwa sababu ya Uviko-19 na kufunguliwa mwisho wa Juni, na kwa miezi hiyo msichana alikosa mwalimu, yaani mtu wake wa kwanza wa nje ya ukoo.

Lakini kazi ngumu kuliko zote huanza Desemba inapokwisha. Kamera zinaondoka. Katika nyumba salama wanabaki wasichana, na wahudumu wanaanza kuwaita wazazi. Ofisa ustawi wa jamii huketi pamoja na polisi, baba, mama na binti. Wazazi husaini ahadi kwamba hawatamkeketa. Wengi wa wasichana hurudi nyumbani na kufuatiliwa. Wengine baba amekataa, au ameapa, au ameshapokea ng'ombe wa posa. Hao hubaki, wanasoma, wanajifunza ushonaji, na likizo ya shule ikifika wenzao wakaenda kwao, wao hawana pa kwenda.

Hapo ndipo huzuni huingia. Msichana aliyeshinda wembe huota mama yake. Hujiuliza kama mdogo wake alishikwa badala yake. Aliyerudi nyumbani huitwa jina la kumdhalilisha kisimani, hulala akisikiliza minong'ono ya shangazi, na hujua kwamba msimu mwingine unakuja baada ya miaka miwili. Nyumba salama imempa usalama, chakula, shule na wenzake waliokimbia kama yeye, na uwezo wa wenzake hao wa kumtuliza ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Haijaweza kumpa ukoo, na sidhani inapaswa kudaiwa hilo.

Serikali ina mpango wa taifa wa kupambana na ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha wa 2017/18 na kuunda kamati hadi ngazi ya kijiji. Ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Kwenye karatasi viwili hivi vinakutana. Vijijini Tarime havijakutana bado: kamati inaokoa mwili, zahanati inatibu malaria, na sonona ya msichana haina dawati. Jambo la kutia uchungu zaidi ni kwamba kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai Tanzania, kwa hiyo familia inayomwokoa binti aliyefika mwisho huogopa kumpeleka hospitali isije ikaulizwa na polisi.

Na wanaume? Baba aliyemkataa binti yake, naye anakaa nyumbani akiwa amepoteza mtoto, ng'ombe na heshima mbele ya saro lake. Hakuna anayempima. Wazee walio radhi kumsikiliza, na kumwambia kwamba hajapungua uanaume kwa kumwacha binti mzima, wana nafasi ambayo hakuna mtaalamu wa kutoka mjini atakayeipata.

Yanayohitajika hayapo mbali na uwezo wetu. Mafunzo ya Rakai yalikuwa mafupi, na walioyatoa walifundisha watu wa kawaida. Halmashauri za Tarime na Serengeti zina walimu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, jumuiya za makanisa, VICOBA na wanawake waliopitia nyumba salama ambao sasa ni watu wazima. Wapewe mafunzo hayo, wakutanishwe na wasichana kila wiki kuanzia Januari hadi Novemba, na bajeti ya ofisa ustawi wa jamii iwe na mafuta ya pikipiki ya kumfuatilia msichana mwaka mzima. Wazee wa mila, ambao mababu zao walithubutu kupanga rika upya katika miaka ya sotoka, watangaze kwenye baraza lao kwamba binti asiyekeketwa ni mtu wao kamili. Wafadhili wanaouliza kila mwaka ni wasichana wangapi waliokolewa Desemba, waulize pia wangapi wanalala usingizi Juni.